Shuba, Namba 326

Anayeanza kukusanya kadi za Brooklyn Dodgers za mwaka 1952 huanza kwa raha zake. Duke Snider, namba 37, anapatikana. Gil Hodges, namba 36, yupo pia. Wana bei, ndiyo, lakini mtu akijibana miezi kadhaa anawapata. Kero za mwanzo ni ndogondogo: kadi 80 za kwanza zilichapwa kwa migongo ya aina mbili, mwekundu na mweusi, na wakusanyaji hubishana kama ni lazima kuwa na yote miwili. Andy Pafko, namba 1, humpati akiwa safi, kwa sababu watoto walizipanga kadi kwa namba na kuzifunga kwa raba, na wa juu ndiye aliyeumia.

Halafu unafika namba 311. Hapo ndipo kasheshe huanza.

Kadi hizi zilitolewa na kampuni ya Topps, iliyokuwa hapo hapo Brooklyn, ili iuze chingamu. Mtoto alitoa senti moja, akapata kipande cha kutafuna na mchezaji mmoja. Sy Berger alizibuni pamoja na Woody Gelman kwenye meza ya jikoni kwake: picha ya rangi, nembo ya timu, sahihi ya mchezaji, na takwimu zake mgongoni. Seti nzima ilikuwa na kadi 407, zikatoka kwa awamu. Awamu ya mwisho, 311 hadi 407, ilifika madukani msimu wa besiboli ukiyoyoma. Watoto walishahamia futiboli ya Kimarekani, na wenye maduka hawakutaka mzigo mwingine. Zikadoda.

Berger mwenyewe alisimulia yaliyofuata. Mwaka 1960, baada ya kushindwa kuziuza hata kwa bei ya kutupa, alizipakia kwenye tishari la takataka, zikavutwa hadi Atlantiki na kumwagwa baharini. Mwaka huo huo, huko Brooklyn, uwanja wa Ebbets Field ulianza kubomolewa ili yajengwe magorofa. Dodgers wenyewe walishahamia Los Angeles baada ya msimu wa 1957. Timu ilikuwa imeondoka, uwanja ukavunjwa, na sura zao zikatupwa majini, ingawa hakuna aliyepanga mambo hayo yaende pamoja.

Maana Dodgers ni moja ya timu zinazomtesa mkusanyaji kwenye awamu hiyo ya mwisho. Jackie Robinson ni namba 312. Roy Campanella, 314. Pee Wee Reese, 333. Hata kocha Billy Herman yumo, 394. Na kuna Joe Black, namba 321, aliyetoka kwenye ligi za Weusi na kuingia Dodgers mwaka huo akiwa na miaka 28. Tarehe 1 Oktoba aliwarushia Yankees mpira katika mechi ya kwanza ya World Series, Dodgers wakashinda 4-2, naye akawa mrushaji Mweusi wa kwanza kushinda mechi ya World Series. Fainali yenyewe waliipoteza.

Dunia inamjua Mickey Mantle wa Yankees, namba 311, kwa sababu kadi yake moja iliuzwa dola milioni 12.6 mwaka 2022. Watu hudhani basi ni adimu kuliko zote. Wapi! Katika awamu ile wachezaji watatu walichapwa mara mbili zaidi ya wenzao: Mantle, Robinson na Bobby Thomson. Bei yao inapandishwa na wanaowataka, ambao hawaishi.

Kwa hiyo Robinson alichapwa mara mbili ya George Shuba, namba 326. Mtu anayenunua majina makubwa tu hana haja na Shuba. Anayetaka timu nzima hawezi kumruka, naye hulipia mchezaji wa akiba pesa ambazo zingemletea nyota wa awamu za mwanzo.

Mimi naona pesa hiyo haipotei. Tarehe 18 Aprili 1946, mjini Jersey City, Robinson alicheza mechi yake ya kwanza na Montreal Royals, timu ya chini ya Dodgers, mwaka mmoja kabla ya kuingia ligi kuu. Alipiga mpira ukavuka ukuta, akazunguka vituo vyote, na alipofika nyumbani, Mzungu aliyekuwa zamu ya kupiga baada yake alimnyooshea mkono. Picha ikapigwa. Mzungu huyo alikuwa Shuba. Sanamu ya mkono ule ilisimamishwa Youngstown, Ohio, alikozaliwa Shuba, mwaka 2021.

Kwenye albamu iliyopangwa kwa namba hawashikani mkono. Campanella na Joe Black wamekaa katikati yao.