Kuakisi na Kupinda kwa Nuru: Asili ya Maneno Mawili

Mfasiri wa kitabu cha fizikia afikapo kwenye sura ya nuru hukutana kwanza na neno kioo. Katika Kiswahili kioo ni kile tunachojitazamia, na kioo ni kile cha dirishani kipitishacho nuru. Katika mazungumzo ya kawaida hakuna taabu. Lakini mwanafunzi aambiwaye kuwa nuru ifikapo kwenye kioo huakisiwa, na nyingine hupinda na kuingia ndani, ana haki ya kuuliza ni kioo kipi kinachosemwa. Kwa kuwa kioo cha dirisha hufanya yote mawili kwa wakati mmoja, hapana budi tuyachunguze maneno hayo tangu asili yake.

Katika karne ya 2 Ptolemy wa Alexandria, nchini Misri, alipima jinsi mwale unavyobadili mwelekeo utokapo hewani na kuingia majini. Kwa pembe ya nyuzi 30 aliandika nyuzi 22 na nusu. Kwa 60 aliandika 40 na nusu, hesabu ambayo hata leo hatuwezi kuikosoa. Kwa 80 aliandika 50, nayo imezidi kwa nyuzi 2 na zaidi. Ukilichunguza jedwali lake utaona kuwa tofauti kati ya hatua na hatua hupungua kwa nusu uzi kila mara, bila kukosa. Vipimo halisi havina adabu kiasi hicho. Bila shaka mtaalamu huyu alizinyoosha hesabu zake.

Kitabu chake cha Kigiriki kilipotea, na tafsiri yake ya Kiarabu ikapotea pia. Kilichobaki ni tafsiri ya Kilatini iliyofanywa Sicily katika karne ya 12 kutokana na ile ya Kiarabu, nayo ina mapengo. Wafasiri wenzetu wana ruhusa ya kuona fahari kidogo hapo.

Kanuni yenyewe iliandikwa Baghdad na Ibn Sahl mnamo mwaka 984. Kurasa za kazi yake zilitawanyika, na umuhimu wake haukujulikana wazi hadi Roshdi Rashed alipozichapisha matokeo ya uchunguzi wake mwaka 1990. Ulaya iliipata kanuni hiyo upya kwa Snell wa Uholanzi mnamo mwaka 1621, na Descartes akaichapa mwaka 1637.

Kwa upande wa istilahi, hata hivyo, aliye muhimu zaidi kwetu ni Ibn al-Haytham, aliyeandika Kitab al-Manazir huko Cairo mwanzoni mwa karne ya 11. Kazi hiyo ina vitabu 7: cha 4 hadi cha 6 vyahusu nuru inayorudi, na cha 7 chahusu nuru inayopita na kugeuka njia. La kwanza aliliita in'ikas, la pili in'itaf. Mzizi wa in'ikas ndio uliotupa akisi. Mwenzake hakuota kwetu, na pengo hilo ndilo tunalohangaika nalo.

Je, tuwafuate Walatini? Wao walisema nuru inayorudi "hupindwa nyuma", na inayopita "huvunjwa". Kiarabu cha leo nacho kimeacha in'itaf na kutumia inkisar, yaani kuvunjika. Mfasiri atakayefuata asili ya neno la Kilatini ataita kuakisi kupinda, na kupinda kuvunjika, na darasa zima litauliza vipande viko wapi.

Sisi twaona kupinda kunafaa, ingawa kuna hoja dhidi yake: kitu kilichopinda hufikiriwa kuwa na umbo la upinde, hali mwale hunyooka hewani na hunyooka majini, ukigeuka mpakani tu. Mwalimu na aliseme hilo waziwazi siku ya kwanza.

Mpakani hapo maneno yote mawili huhitajiana. Nuru itokayo majini kuelekea hewani, pembe yake ikizidi nyuzi 48 na nusu hivi, haipindi tena. Huakisiwa yote na kurudi majini. Kepler alilieleza jambo hili kwa kioo mwaka 1611, ambako kikomo ni karibu nyuzi 42. Kitabu kitakachotumia neno moja kwa matukio yote mawili hakiwezi kulieleza hilo hata kwa kurasa kumi.

Kuhusu kioo hatuna neno jipya la kupendekeza. Paandikwe "kioo cha kujitazamia" panapohusika, na "kioo angavu" pale nuru inapopita. Na katika maswali ya mtihani neno kioo lisiachwe peke yake kamwe.