Makadirio na Ardhi: Karanga za Kongwa na Reli ya Uhuru

Msafiri aulizaye pale Mlandege, katika mji wa Iringa, kwamba Makambako ni umbali gani, huenda akajibiwa kwa saa wala si kwa kilomita. Jibu la namna hiyo lina asili ya kale. Watu wa misafara waliipima njia kwa siku za mwendo, kwa kuwa kilima na bonde, maji na ukame, vyote vilikuwa vimekwisha kuhesabiwa ndani ya siku hizo. Yaani muda wa kazi haupatikani mezani. Hupatikana kwa kuikanyaga ardhi yenyewe. Historia ya Tanzania inayo mipango miwili mikubwa ithibitishayo neno hili.

Wa kwanza ni mpango wa karanga. Baada ya vita Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula, na mwaka 1946 ikawatuma wataalamu 3, mkuu wao akiwa John Wakefield. Kwa wiki 9 walizunguka Afrika ya Mashariki, mara nyingi kwa ndege, wakatoa makadirio: eka zaidi ya milioni 3 zilimwe katika miaka 6, na eka 150,000 katika mwaka wa kwanza. Lakini huko Kongwa mizizi ya vichaka ilivunja majembe ya matrekta, na udongo wa mfinyanzi ulikauka ukawa mgumu kama saruji. Hata mwisho wa 1947 eka zilizolimwa hazikufika 10,000. Januari 1951 mpango uliachwa, na paundi zipatazo milioni 36 zilikuwa zimepotea. Kosa halikuwa uvivu wa vibarua. Hesabu iligawanywa kwa miaka kana kwamba kila eka ni sawa na mwenzake.

Wa pili ni reli ya Tanzania na Zambia. Walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru mwaka 1965, Zambia ilihitaji njia nyingine ya kupeleka shaba yake baharini. Wakubwa wa fedha wa nchi za Magharibi walisema reli hiyo haitalipa. China ikakubali, na mkataba ukatiwa saini Beijing, Septemba 1967. Kabla ya kutandika reli, wapimaji 12 wa Kichina walitembea kwa miguu miezi 9, toka Dar es Salaam mpaka Mbeya, wakichagua njia.

Kazi ilizinduliwa Oktoba 1970. Kilomita 502 za mwanzo, mpaka Mlimba, zilimalizika mwaka 1971. Mtu angaliweza kuuchukua mwendo huo, akaugawa kwa njia nzima ya kilomita 1,860, akadhani amepata jibu. Lakini kutoka Mlimba kupanda Makambako, kilomita zisizofika 160, kulikuwa na milima, mabonde na vinamasi. Humo yalichimbwa mahandaki 18 kati ya 22 ya reli yote. Sehemu hiyo, isiyofika hata moja ya kumi ya njia, ilihitaji kukadiriwa peke yake. Agosti 1973 reli ikavuka mpaka, na Juni 1975 ikafika Kapiri Mposhi kabla ya muda uliowekwa. Wepesi huo ulikuwa na gharama: Wachina zaidi ya 60 walikufa kazini, na Watanzania na Wazambia pia.

Hata hivyo, msomi asikimbilie sifa. Reli ilikabidhiwa Julai 1976, ikiwa imekusudiwa kubeba tani milioni 2 kwa mwaka; katika miaka 40 ya kwanza haikufikia kiasi hicho hata mara moja. Muda wa kujenga ulipimwa kwa miguu. Lakini injini, vipuri, mafundi, na mvua ziangushazo milima juu ya njia, hayo ni ardhi nyingine, nayo haikupata wapimaji 12 wa kuipitia miezi 9. Aandikaye makadirio leo hana budi kujiuliza kwanza: ni sehemu ipi ya kazi hii ambayo haijakanyagwa na mtu?