Stesheni ya Kahe na Visa Vyepesi vya Safari ya Gari la Moshi

Miongoni mwa vitabu vyepesi wanavyopewa wanafunzi wa Kiingereza, visa vya safari ya gari la moshi si vichache. Mtu hununua tikiti, hupanda, huketi karibu na dirisha, huzungumza na mgeni, hulala usingizi hata akapitiliza kituo chake, na mwishowe hufika. Walimu wengine huvidharau visa hivi, wakisema ni vya kitoto. Sisi twaona kwamba kisa cha namna hii, kikisomwa vema, humfundisha mwanafunzi lugha pamoja na desturi za wenye lugha. Na kikisomwa vibaya humpoteza njia. Tumechagua kueleza jambo hili kwa habari za Kahe, maana hapo reli mbili zilikutana, na hapo sisi wenyewe tulikosea.

Kahe iko katika nchi tambarare, kusini-mashariki ya Moshi, chini ya mlima Kilimanjaro. Reli ya kwanza kufika huko ni ile ya Wajerumani, ambao wazee wetu waliwaita Wadachi. Ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, ikaenda polepole sana: Muheza mwaka 1896, Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905, Buiko mwaka 1909, na Moshi mwaka 1911. Wakati huohuo Waingereza walikuwa na reli yao upande wa kaskazini, iliyoanzishwa Mombasa mwaka 1896 na kufika ziwa la Viktoria mwaka 1901. Reli hizo mbili hazikuwa na uhusiano wowote mpaka ilipokuja vita ya kwanza ya dunia. Mwaka 1915 Waingereza walianza kutoa tawi Voi kuelekea Taveta ili kulisha majeshi yao. Mwezi wa Machi mwaka 1916 kulikuwa na mapigano Kahe, Wajerumani wakarudi nyuma kwa njia ya reli yao, na mwaka huohuo tawi la Voi likaungana na reli ya Tanga hapo Kahe. Kuunganisha kuliwezekana kwa sababu reli zote mbili zilikuwa na upana mmoja, yaani mita moja. Mataifa mawili yaliyokuwa yakipigana yalikuwa yamejenga kwa kipimo kimoja.

Sasa na tutazame maneno. Mtu angetazamia kwamba katika njia iliyojengwa na Wajerumani, na kutumiwa nao tangu Tanga hata Moshi, maneno ya reli yangekuwa ya Kijerumani. Sivyo yalivyo. Kutoka kwao tulipata neno shule, na neno hela, iliyokuwa sarafu yao. Lakini reli, stesheni, tikiti na injini ni maneno ya Kiingereza yaliyovikwa nguo za Kiswahili, na gari ni neno la Kihindi. Twadhani sababu ni mbili. Kwanza, reli ya Mombasa ilijengwa na Waingereza pamoja na Wahindi wengi, na maneno yao yakaenea pwani na bara. Pili, baada ya vita reli ya Tanga yenyewe iliingia mikononi mwa Waingereza, nao ndio walioifikisha Arusha mwaka 1929.

Hapa yafaa kuondoa kosa moja ambalo watoto hulipenda. Husema kwamba mji wa Moshi uliitwa hivyo kwa ajili ya moshi wa gari. Lakini Mandara, mtawala wa Moshi, alitia mkataba na Wajerumani mwaka 1885, miaka 26 kabla gari halijafika. Jina lilikuwako mlimani kwanza, kule tunakokuita Moshi ya Kale. Mwalimu asiwakaripie watoto kwa hilo, bali awaonyeshe kwamba maneno mawili yaweza kufanana sauti bila kuwa na asili moja. Somo hilo watalihitaji sana katika Kiingereza.

Tumesema kwamba sisi wenyewe tulikosea Kahe, na tueleze. Katika miaka ya 1980 tulikuwa mwanafunzi wa shule ya misheni, nasi tulikuwa tumemaliza kusoma kitabu chembamba cha safari ya gari la moshi, tukajiona tumekijua Kiingereza. Ikaja habari kwamba dada yake Bibi yu mahututi Korogwe. Ndugu yetu mmoja aliyekuwa karani mjini alituletea karatasi yenye maneno machache ya Kiingereza, na saa ya gari kupita Kahe: eight o'clock. Nyumbani hapakuwa na mwingine wa kuisoma. Tukasoma kwa sauti kubwa, tukawaambia watu wote, “Gari litapita saa nane.” Basi Bibi akapika, akafunga mizigo yake bila haraka, tukatembea naye hata stesheni, tukafika saa saba mchana. Msimamizi wa stesheni akamwamkia kwa heshima, akamwambia, “Shikamoo, Mama. Pole sana. Gari limewaacha tangu saa mbili asubuhi.”

Bibi hakutupiga wala hakutugombeza. Alikaa juu ya mzigo wake muda mrefu, kisha akasema, “Mjukuu wangu amesoma herufi, saa bado hajazisoma.” Siku alipopata gari jingine akafika Korogwe, dada yake alikuwa amekwisha kuzikwa.

Kosa lile halikuwa la neno gumu. Eight ni nane. Kila mtoto ajua. Lakini Mwingereza huanza kuhesabu saa zake usiku wa manane na adhuhuri, na Mswahili huanza kuhesabu zake jua linapochomoza na linapokuchwa. Kwa hiyo saa nane yake ni saa mbili yetu. Katika kile kitabu chembamba msafiri alipanda gari saa hiyohiyo ya eight, na ndani ya gari akanywa chai ya asubuhi. Chai ile ingetosha kutuonya, kama tungalisoma kisa kwa kukitazama chote. Sisi tulikisoma neno kwa neno, kila neno tukaliwekea la Kiswahili pembeni, tukalivuka.

Mifano mingine ya namna hiyo ni mingi katika visa hivi. Kiingereza husema mtu hu-catch gari. Mwanafunzi akiandika kwamba msafiri alilikamata gari la moshi, darasa zima hucheka, maana huona mtu akikimbia kulishika kwa mikono. Kiingereza husema tena kwamba mtu hu-miss gari, yaani tendo ni la mtu. Sisi husema gari limemwacha, na tendo ni la gari. Msimamizi wa Kahe alisema vivyo hivyo, na kwa maneno yale alimpunguzia Bibi uchungu, kwa kuwa hakuna aliyelaumiwa. Neno left nalo huwasumbua wengi, kwa sababu walilijua kwanza kuwa ni upande wa kushoto. Wakisoma the train left, hudhani gari limepinda. Hakuna orodha ya maneno iwezayo kumponya mwanafunzi makosa haya. Huponywa na kisa chenyewe, akikisoma hata mwisho na kukirudia.

Hivyo ndivyo walivyofikiri waliotunga vitabu vyepesi. Michael West, Mwingereza aliyefanya kazi ya elimu Bengal, aliona katika miaka ya 1920 kwamba mwanafunzi hushindwa kusoma kwa sababu maneno mapya humjia mengi kwa mara moja. Akatunga vitabu ambavyo maneno mapya huletwa machache machache na kurudiwa mara nyingi; na mwaka 1953 ilitolewa orodha yake ya maneno kama 2,000 yatumikayo zaidi. Safari ya gari la moshi yafaa sana kwa kazi hiyo. Katika kila kituo gari husimama, watu hushuka, wengine hupanda, gari huondoka. Maneno yaleyale hurudi, lakini mtoto hachoki, kwa kuwa ataka kujua kituo kinachofuata.

Katika nchi yetu jambo hili si dogo. Tangu mwaka 1967 watoto wa shule za msingi za serikali hufundishwa kwa Kiswahili, na wakifika sekondari hukuta masomo karibu yote kwa Kiingereza. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, walipima Kiingereza cha wanafunzi, wakaona kwamba wengi katika sekondari hawakuweza kufuata masomo kwa lugha hiyo. Baadaye, kuanzia mwaka 1987, ulifanywa mpango wa kupeleka vitabu vyepesi vya hadithi katika sekondari, ili wanafunzi wasome vingi na kwa furaha. Mpango ulikuwa mwema; lakini kitabu kikifika mikononi mwa mwalimu akifasiriye kila neno ubaoni, faida yake hupotea.

Kuna shida nyingine iliyoongezeka. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, mpaka wa Kenya ukafungwa, na njia ya Kahe na Voi ikapoteza kazi yake. Katika miaka ya 1990 magari ya abiria ya kwenda Moshi yalikoma pia, hata yaliporudishwa mwezi wa Desemba mwaka 2019. Kwa hiyo kizazi kizima kilisoma visa vya gari la moshi bila kulipanda, hata watoto waliochezea reli zenyewe zilizoota majani.

Basi, walimu wenzetu, twatoa shauri hili. Kabla ya kufungua kitabu, mwalimu na awaulize wanafunzi habari za safari wazijuazo, na maneno ya stesheni waliyo nayo tayari. Kisha wasome kisa chote mara moja pasipo kufasiri. Wakimaliza, wafunge kitabu, mmoja asimulie kisa kwa Kiswahili chema, kama mtu wa Kahe angesimulia. Hapo ndipo yatakapoonekana makosa ya saa, ya kukamata na ya kuachwa. Mwisho wakirudie tena kwa Kiingereza.

Nasi tukifundisha kisa kama hicho, huwaagiza watoto kwanza waandike ubaoni saa ya gari kuondoka kwa hesabu zote mbili. Huuliza sababu, nasi huwaeleza habari za Bibi.