Kumbukumbu za wauguzi zahitaji msimamizi anayezisoma

MJAMZITO anayetoka Kwanza kwa rufaa hadi hospitali ya Kitale hupokelewa na wauguzi ambao hawakuwapo uchungu ulipoanza. Wanachokijua kumhusu ni kile kilichoandikwa.

Katika wodi ya kujifungulia, chombo kilichotegemewa kwa miongo mingi ni patografu, chati ambayo Philpott na Castle waliieleza mnamo 1972 wakiwa Rhodesia, Zimbabwe ya leo. Mapigo ya moyo wa mtoto hupimwa kila nusu saa na mlango wa kizazi kila saa nne. Usipofunguka kwa kasi ya sentimita moja kwa saa, mchoro huvuka mstari wa tahadhari. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya mnamo 2020, ila sharti la kupima na kuandika papo hapo lilibaki.

Msimamizi anayetaka tu kuona chati zimejaa atazikuta zimejaa, nyingine zikiwa zimejazwa mtoto akiwa tayari amezaliwa. Chati ya namna hiyo humridhisha mkaguzi, haimwokoi mzazi. Tofauti na huyo ni msimamizi anayepita kitandani katikati ya zamu, akauliza ni kwa nini mstari umevukwa na daktari hajaitwa. Hapo muuguzi huandika kwa kuwa anajua kuna atakayesoma na kutenda.

Bungoma ina funzo lake. Mnamo Agosti 2013, miezi miwili baada ya huduma za uzazi kufanywa bila malipo, mama mmoja alijifungua sakafuni katika hospitali ya wilaya, na tukio likanaswa kwa simu. Machi 2018, Mahakama Kuu iliamua kwamba utu wake ulivunjwa, ikaagiza alipwe fidia ya Sh2.5 milioni na kuombwa radhi. Lawama hazikuishia kwa wauguzi: serikali ya kitaifa na ya kaunti zilipatikana na hatia ya kutofuatilia viwango vya huduma hizo.

Tangu ugatuzi wa 2013, kaunti ndizo huajiri wauguzi wa hospitali hizi. Muuguzi mmoja mwenye akina mama wanane walio katika uchungu anadaiwa vipimo 16 vya mapigo kila saa, kabla hajamzalisha yeyote. Nafasi tupu kwenye chati zake, zikiachwa bila kughushiwa, ndizo ushahidi ambao msimamizi anaweza kuupeleka kaunti anapoomba wauguzi zaidi.