Hesabu ya Kufuata Dau katika Poka

Hesabu anayoipiga mcheza poka kabla ya kufuata dau, yaani kuweka kiasi sawa na alichoweka mpinzani, ni kongwe kuliko poka yenyewe. Mwaka 1654, Wafaransa Blaise Pascal na Pierre de Fermat waliandikiana barua kuhusu swali la wacheza kamari: mchezo ukikatizwa, dau ligawanywe vipi? Katika mfano wa Pascal, wachezaji wawili wameweka sarafu 32 kila mmoja, na atakayetangulia kushinda mara tatu huchukua zote 64. Mmoja ameshinda mara mbili, mwenzake mara moja. Wa kwanza akishinda tena, anachukua 64. Akishindwa, wanalingana na kugawana 32 kwa 32. Kwa hiyo 32 ni zake kwa vyovyote, na zilizobaki ni nusu kwa nusu: apewe 48, mwenzake 16.

Poka ilichipuka New Orleans mwanzoni mwa karne ya 19, ikasambazwa na meli za mvuke za mto Mississippi. Mwanzoni ilichezwa kwa karata 20. Wanne wakigawiwa tano tano, haikubaki hata moja ya kuchota. Hesabu kama ya Pascal ilipata kazi katika poka baada ya kuingia karata 52 na ruhusa ya kutupa karata na kuchota nyingine.

Mchezaji mwenye kopa nne anayetafuta ya tano ameziona karata 5. Hajaziona 47, na kati ya hizo 9 ni kopa. Bahati yake ni kama asilimia 19. Mezani pakiwa na dola 40, naye adaiwe 10, atakuwa ametoa asilimia 20 ya dola 50: afadhali ajitoe. Pakiwa na dola 60, anatoa asilimia 14 tu ya dola 70, na fungu lake kwa wastani ni kama dola 13.40. Hapo kufuata kuna faida, ingawa mara nyingi atakosa.

Katika karne ya 20 aina iitwayo poka ya Texas ilitawala Las Vegas, ambako mashindano ya dunia yalianza mwaka 1970. Kitabu cha David Sklansky, The Theory of Poker, cha 1987, kiliifanya hesabu hii kuwa somo la kawaida. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walitangaza programu ya Cepheus, iliyofumbua karibu kikamilifu poka ya Texas ya watu wawili yenye ukomo wa dau.