Tunasadiki Kufufuliwa kwa Mwili: Siku ya Mwisho katika Mafundisho na Makaburi ya Uzaramo

Katika kitabu cha namna hii cha furaha ya miaka 100 ni desturi kueleza nani walibatizwa kwanza, kanisa lilijengwa kwa miti au kwa matofali, na kengele ililetwa na nani. Hayo yameelezwa katika sura nyingine. Sura hii inahusu maneno machache ya Imani ya Mitume ambayo tumeyakiri Jumapili baada ya Jumapili kwa muda wote huo, pengine bila kuyatafakari sana, yale yanayotaja kufufuliwa kwa mwili.

Nimeombwa kuiandika kwa sababu swali linaloulizwa mara nyingi siku hizi, hasa na vijana wa kipaimara na akina mama wa vikundi vya maombi, ni hili: je, sisi Walutheri tunaamini kunyakuliwa? Mwulizaji amesikia mahubiri ya mkutano wa hadhara au ya redio, au ametumiwa ujumbe wenye tarehe kwenye simu, naye amerudi nyumbani na hofu. Ili kumjibu vema yafaa kwanza tukumbuke kwamba nchi hii ya Uzaramo, kutoka Kibaha hadi Kisarawe na Maneromango, imekwisha kutangaziwa siku ya mwisho zaidi ya mara moja.

Mmisionari Johann Jakob Greiner alifika Dar es Salaam mwaka 1887, akitumwa na chama kipya cha misioni cha Berlin kilichoanzishwa mwaka uliotangulia kwa ajili ya Afrika Mashariki ya Kijerumani. Mwaka 1892 kituo cha Kisarawe kilifunguliwa vilimani, na baadaye kikafuata cha Maneromango. Mwaka 1903 kazi yote ikakabidhiwa kwa Misioni ya Berlin, ile ya zamani, ambayo tayari ilikuwa na vituo katika nyanda za juu za kusini. Watu ambao wamisionari na waalimu wao waliwakuta huku Pwani hawakuwa wageni wa habari za kufa na kuishi. Wazee waliwakumbuka marehemu kwa tambiko na waliheshimu makaburi ya wakubwa wa ukoo. Na Uislamu ulikuwa umekwisha kufika, ukifundisha kwamba miili itafufuliwa, kwamba kuna hukumu, na kwamba Nabii Isa atarudi. Kwa hiyo mwalimu wa dini aliyesimama chini ya mwembe kufundisha juu ya ufufuo hakuleta habari isiyopata kusikika. Kilicholeta ubishi kilikuwa ni nani atakayeketi katika kiti cha hukumu.

Miaka miwili tu baada ya makabidhiano hayo, katika mwaka 1905, habari ilienea Uzaramo kutoka milima ya Uluguru, kwenye pango la Kolelo. Mmisionari Martin Klamroth, aliyeishi miongoni mwa Wazaramo na kuandika mengi juu ya imani zao, aliihifadhi. Kolelo, ilisemekana, amekataza watu kuendelea kulipa kodi kwa wageni weupe. Katikati ya mwezi wa Julai yatakuja mafuriko makubwa yatakayowaangamiza Wazungu wote pamoja na wafuasi wao. Baadaye ikasemwa kuwa ardhi itafunguka na kuwameza, na kwamba bunduki za askari zitatoa maji badala ya risasi. Tuyasome maneno hayo kwa utulivu. Neno «wafuasi» liliwahusu pia Wazaramo wachache waliokuwa wamebatizwa. Mkristo wa Kisarawe wa mwaka ule alikuwa akiambiwa na ndugu zake kwamba, siku itakapofika, yeye atakuwa upande wa wanaomezwa.

Wakati huo huo, kusini ya Rufiji, Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alikuwa akiwaahidi watu jambo lililo karibu zaidi na mada yetu: kwamba mababu waliokufa watarudi. Watu walimiminika Ngarambe kwa maelfu, na wengine walikwenda wakiwa na tumaini la kuwaona wafu wao. Sidhani ni haki kwetu kulicheka tumaini hilo. Watu walikuwa wamelimishwa pamba kwa nguvu na kutozwa kodi, nao walitamani yale ambayo kila binadamu anayatamani, kwamba dhuluma ikome na waliozikwa warudi. Kinjikitile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Kwetu Uzaramo, Jumbe Kibasila wa Kisangire naye alinyongwa, na jina lake sasa lipo kwenye shule ya sekondari jijini Dar es Salaam. Julai ilipita bila mafuriko, na baada ya vita ikaja njaa. Serikali ya Kijerumani ilitaja watu 75,000 waliokufa katika Maji Maji. Wanahistoria wa baadaye wameona idadi ilikuwa kubwa kuliko hiyo mara nyingi, wengine wakifikia 250,000 na zaidi.

Mwaka 1908 ikaja tena. Safari hii ilikuwa barua iliyopita Pwani kutoka msikiti hadi msikiti, na huko Lindi ilisababisha msukosuko mkubwa hata maofisa wa Kijerumani wakaogopa vita vingine. Ilidai kwamba Sheikh Ahmad, mlinzi wa kaburi la Mtume huko Madina, ameoteshwa kuwa mlango wa toba u karibu kufungwa. Barua hiyo inajulikana katika historia kama Barua ya Makka. Masheikh wenye elimu wameikanusha mara nyingi, na bado inazunguka, jana kwa fotokopi na leo kwa simu. Nimeitaja kwa sababu majirani zetu Waislamu wamesumbuliwa na jambo lile lile linalotusumbua sisi.

Katika nchi kama hiyo neno lenyewe la kutajia ufufuo halikuwa jambo dogo. Dakta Karl Roehl, aliyetafsiri Biblia nzima iliyotoka mwaka 1937, alijitahidi kupunguza maneno yenye asili ya Kiarabu na kuweka ya Kibantu. Tafsiri ya Muungano ya mwaka 1952, ambayo ndiyo tunayoisoma ibadani, haikufuata njia hiyo. Humo Masadukayo ni watu wanaokana kiyama, na Bwana wetu anapozungumza na Martha kule Bethania anajiita ufufuo. Maneno yote mawili yamo, moja tumeshirikiana na jirani na jingine limetoka katika kitenzi chetu wenyewe cha kufufua. Naona watafsiri walifanya vema.

Makaburi yetu yanasema hivyo hivyo kwa namna yake. Desturi ya kale ya Wakristo ni kumlaza marehemu kichwa kikiwa magharibi na miguu mashariki, ili siku ya kufufuka asimame akiuelekea upande wa mapambazuko. Mwislamu hulazwa kwa ubavu wa kulia akiielekea Kibla, na kutoka hapa kwetu Makka iko karibu kaskazini kabisa. Basi kichwa chake huwa mashariki. Hivyo makaburi ya ndugu wawili wa ukoo mmoja wa Kizaramo, mmoja Mkristo na mmoja Mwislamu, huchimbwa katika mstari mmoja, na vichwa tu ndivyo vinavyopishana. Nikiwa mtoto nilisikia wachimbaji kaburi wakiuliza, kabla jembe halijagusa ardhi, «Huyu ni wa kanisani au wa msikitini?» Wachimbaji wenyewe walikuwa wa pande zote mbili. Sikujua wakati ule kwamba walikuwa wakiuliza swali la elimu ya dini.

Sasa nirudi kwenye kunyakuliwa. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, ambalo kila mchungaji wetu huahidi kulifuata, linasema katika kifungu cha 17 kwamba Kristo atarudi siku ya mwisho kuhukumu, atawafufua wafu wote, atawapa waumini uzima wa milele, na waovu atawahukumu. Kurudi ni kumoja, ufufuo ni mmoja, hukumu ni moja. Kifungu hicho hicho kinakataa fundisho kwamba kabla ya ufufuo watakatifu watautawala ulimwengu huu. Wala Walutheri wenyewe hawakuwa salama na tamaa ya tarehe. Mchungaji Michael Stifel wa Lochau, rafiki wa Luther na mtaalamu mkubwa wa hesabu, alipiga hesabu kwa herufi za Biblia akatangaza kwamba Bwana atakuja tarehe 19 Oktoba 1533, saa mbili asubuhi. Wakulima waliacha kazi zao, wakala na kunywa walivyokuwa navyo. Saa ilipita. Stifel aliwekwa kizuizini na kupoteza usharika wake, na ni Luther aliyemwombea hata akapewa mwingine. Kitabu chake cha hesabu cha mwaka 1544 kinaheshimiwa na wanahisabati mpaka leo.

Fundisho la kwamba kanisa litaondolewa kwa siri kabla ya dhiki kuu, na wengine waachwe nyuma, ni changa kuliko watu wengi wanavyodhani. Lilienezwa na John Nelson Darby katika Uingereza na Ireland kuanzia miaka ya 1830, likapata nguvu Marekani kwa Biblia yenye maelezo ya Cyrus Scofield iliyochapishwa mwaka 1909, na kutoka huko likaja kwetu kwa vitabu, kanda za kaseti na mikutano ya Injili. Wanaolifundisha ni ndugu zetu katika Kristo, nami sina nia ya kuwadharau. Lakini andiko wanalolitegemea, 1 Wathesalonike 4:17, lina vitenzi viwili, na sisi tumezoea kukisikia kimoja. Kitenzi cha kwanza ni kunyakuliwa. Cha pili ni kumlaki Bwana.

Mtu wa Kibaha hahitaji kamusi kuelewa kulaki. Askofu anapokuja kubariki vijana wa kipaimara, hatumngojei ndani ya kanisa. Kwaya na tarumbeta hutoka mpaka barabara ya Morogoro, watoto wakiwa na matawi, na gari lake likionekana tunaimba. Kisha hatuondoki naye kurudi alikotoka; tunaandamana naye mpaka kanisani, kwani huku ndiko alikokuwa anakuja. Neno la Kigiriki alilotumia Paulo lina maana hiyo hiyo. Ndilo linalotumika kwa wanawali waliotoka kumlaki bwana arusi, na kwa ndugu wa Rumi waliomfuata Paulo njiani, katika Matendo 28, wakaingia naye mjini. Kwa hiyo mchungaji akiulizwa kama tunaamini kunyakuliwa, ajibu ndiyo, kwani limeandikwa. Na aongeze kwamba tunanyakuliwa ili tumpokee Yeye anayekuja huku, na kwamba waliolala makaburini watatangulia. Paulo aliandika maneno hayo kuwafariji watu waliofiwa, ambao walihofu kwamba wafu wao wangekosa siku hiyo.

Ni hatari gani kukisahau kitenzi cha pili, tumeona katika majirani zetu. Huko Kanungu, Uganda, mamia ya watu waliokuwa wameuza mali zao na kungoja mwisho wa dunia waliangamia, wengi wao ndani ya nyumba ya ibada iliyoteketea tarehe 17 Machi 2000. Katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, tangu Aprili 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu, watoto wakiwemo, baada ya kuhubiriwa kwamba kufunga hadi kufa ni njia ya kumfikia Yesu. Familia zilisubiri karibu mwaka mzima kwa vipimo vya vinasaba kabla ya kuanza kukabidhiwa wapendwa wao mwezi Machi 2024. Fundisho lililowaambia watu kwamba mwili ni wa kutupwa liliacha akina mama wakiomba wapewe mwili, wauzike kwa jina lake. Na Septemba 2025 mhubiri wa Afrika Kusini alipotangaza tarehe 23 na 24 ya mwezi huo, ujumbe wake ulifika hata kwenye simu za washarika wetu. Tarehe 25 ilifika kama siku nyingine.

Nafasi hainiruhusu kusema yote juu ya hali yetu ya sasa, ila jambo moja ni la Kibaha hasa. Tangu mradi wa nchi za Nordic ulipoanzishwa hapa katika miaka ya 1960, ambao tangu 1970 uko mikononi mwa Watanzania na sasa ni Shirika la Elimu Kibaha, watu wa kila mkoa wamehamia. Hivyo ibada nyingi za mazishi za usharika wetu huishia kwenye gari linaloelekea Moshi au Bukoba. Wengine wanaona huzuni na deni la safari kuwa kubwa mno, na wengine hawawezi kufikiri kumwacha baba yao mbali na kihamba chake. Kanisa halijaweka sheria, na naona ni sawa. Kristo hatapata shida kumwona aliyelala Tumbi zaidi ya aliyelala Machame. Hata hivyo sipendi tunapomwambia mfiwa kwamba mahali si kitu, kwani anayemlilia ni mtu mwenye mwili, aliyelima mahali fulani.

Sharika nyingi za Kilutheri nchini hufanya ibada ya alfajiri ya Pasaka makaburini. Desturi hiyo ilianza kwa Wamoravian wa Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1732, na Wamoravian ndio waliofungua Rungwe mwaka 1891. Asubuhi kama hiyo, giza likiwa bado halijaondoka, mtu husoma majina kwa tochi. Katika maandalizi ya kitabu hiki kamati ilipita makaburi ya zamani, misalaba ya mbao ikiwa imeliwa na mchwa na ya saruji ikiwa imefutika kwa mvua. Majina yaliyosomeka yamechapishwa mwishoni. Yako makaburi ambayo hatukuweza kuyatambua, ingawa mpangilio wa mawe unaonyesha kichwa kiko magharibi. Mwenye kumbukumbu ya jina lolote anaombwa alipeleke ofisi ya usharika kabla ya Pasaka ijayo, ili lisomwe pamoja na mengine.