Mizani Haina Undugu

Wahenga walisema kuwa mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Yaani mzigo ulio juu ya kichwa cha mtu mwingine huonekana mwepesi kama sufi kwa yule asiyeubeba. Methali hii niliisikia tangu utotoni kule Kibosho, lakini niliielewa barabara nilipokuwa kijana wa miaka ishirini na mitatu, nimesimama kando ya ndege ndogo huku jasho la hofu likinitiririka mgongoni. Habari hiyo nitaisimulia. Kwanza, ndugu msomaji, niruhusu nikueleze juu ya mjomba wangu.

Mjomba alikuwa mpima kahawa katika chama kimoja cha msingi kule mlimani. Vyama vile vilikuwa matawi ya KNCU, chama kikuu cha ushirika kilichoanzishwa mwaka 1933, na siku ya kupima kahawa ilikuwa siku kubwa. Akina mama walishuka na magunia vichwani tangu alfajiri, na kila mmoja aliutazama mshale wa mizani kama vile hakimu anayesoma hukumu. Mama yangu alipanga foleni kama wenzake, na ingawa alikuwa dada yake mpimaji, kilo zake ziliandikwa kama zilivyokuwa, bila kuongezwa hata moja. Wapo waliomwona mjomba kuwa mtu mkavu. Yeye alijibu kwa maneno matatu tu: "Mizani haina undugu."

Mwaka 1980, wakati nchi ilipokuwa katika dhiki baada ya vita ya Kagera na usafiri ulikuwa wa taabu sana, nilipata kibarua cha kupakia mizigo katika uwanja mmoja mdogo wa ndege. Kampuni sitaitaja, kwani kosa lilikuwa langu. Kazi yangu ilikuwa kupima mizigo, kuandika uzito wake katika karatasi, na kuipanga ndani ya ndege mahali rubani alipoelekeza. Siku moja binamu yangu alinijia na viroba viwili vya maharage, kila kimoja kama kilo thelathini. Alitaka vifike kwa mkewe, na hakuwa na fedha ya kulipia. Alisema, "Ni vitu vidogo tu, ndugu yangu. Ndege itajua nini?" Nikavisukuma nyuma kabisa, karibu na mkia, nikavifunika kwa turubai. Katika karatasi sikuandika kitu.

Abiria walikuwa sita. Mmoja alikuwa mama aliyempakata mtoto. Nilimsaidia kubeba kikapu chake, naye akaniambia, "Asante sana, mwanangu, Mungu akubariki." Baraka ile ilinichoma.

Rubani, mtu mzima asiyependa maneno mengi, aliizunguka ndege yake kama ilivyokuwa desturi. Alisimama mbele ya gurudumu la pua, akainama, akatazama. Nguzo ya gurudumu lile ilikuwa imerefuka kupita kawaida, ishara kwamba pua imekuwa nyepesi na mkia umeelemewa. Akaenda nyuma, akafungua mlango wa mizigo, akainua turubai. Hakunipigia kelele. Aliwateremsha abiria wote, akaniamuru nitoe kila kitu na kukipima upya mbele yao. Baada ya hapo akaniita kando, akaniuliza kama nimewahi kubeba maji kwa mzega. Nikamjibu, "Ndiyo, mzee." Akasema, "Basi unajua. Madebe mawili yakilingana, unatembea. Ukiongeza maji katika debe la nyuma tu, unaanguka chali. Ndege ni mzega."

Hakunishtaki kwa wakubwa. Lakini tangu siku ile nimekuwa nikifuatilia habari za ndege zilizoanguka kwa sababu ya mizigo, kama mtu anayesoma majina katika makaburi ambamo naye angeweza kuwazika watu.

Maneno ya rubani yule ndiyo msingi wa jambo lote. Ndege ina mipaka miwili ya mzigo. Wa kwanza ni wingi: uzito ukizidi, ndege huhitaji njia ndefu zaidi ya kukimbilia, na huenda njia ikaisha kabla haijapaa. Wa pili ni mahali: mzigo ukikaa mbele mno, pua hukataa kuinuka, ukikaa nyuma mno, pua huinuka kupita kiasi, hewa huacha kupita vizuri juu ya mabawa, na mabawa hayabebi tena. Kwa sisi wa huku liko na jambo la tatu. Uwanja wa Kimataifa wa Kilimanjaro, uliofunguliwa mwezi Desemba 1971 katika tambarare kati ya Moshi na Arusha, uko karibu meta 900 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya juu ni nyepesi, na jua la adhuhuri huifanya nyepesi zaidi. Kwa hiyo mzigo unaobebeka bila shida huko pwani asubuhi waweza kuwa mzito mno huku mchana.

Wazee wa kazi hii walilijua jambo hilo. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilipoanza mwaka 1946, lilikuwa na ndege ndogo za Dominie, zenye mabawa ya ghorofa mbili. Katika ndege ndogo za namna hiyo ilikuwa kawaida kumpima abiria mwenyewe pamoja na sanduku lake. Zilipokuja ndege kubwa, mashirika duniani yakaacha kuwapima watu, yakatumia uzito wa wastani. Hesabu hiyo inafaa maadamu wastani ni wa kweli. Tarehe 8 Januari 2003 ndege ndogo aina ya Beech 1900 ilianguka huko Charlotte, Marekani, mara baada ya kupaa, na watu wote 21 waliokuwamo wakafa. Wachunguzi waliona kuwa mafundi walikuwa wamekosea kurekebisha nyaya za mkia, na pia kwamba ndege ilikuwa imezidiwa uzito, mzigo ukiwa umeelemea nyuma. Karatasi ilionyesha kuwa yote ni sawa. Lakini wastani uliotumika ulikuwa wa watu wembamba wa zamani. Abiria walipopimwa upya nchini humo, ilionekana kuwa wamezidi wastani huo kwa kilo tisa hivi kila mmoja. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba kile kilikuwa cha mauti.

Mwaka huo huo, siku ya Krismasi, ndege ya Boeing 727 iliyotoka Conakry, Guinea, ilikuwa inaondoka Cotonou, Benin, kuelekea Beirut. Abiria wengi walikuwa Walebanoni wanaorudi nyumbani kwa sikukuu. Sisi Wachagga twaijua safari hiyo. Kila mwezi Desemba tunapanda kwenda mlimani na mabegi yaliyojaa hadi zipu zinalia, na kila mmoja anaapa kwamba la kwake ni jepesi. Ndege ile ilikimbia hadi karibu na mwisho wa njia, ikainuka kidogo, ikagonga jengo dogo, ikaangukia ufukweni. Watu 141 walipoteza maisha. Uchunguzi ulionyesha kuwa ilikuwa imezidiwa na uzito, na mizigo mingi ilikuwa imewekwa sehemu ya mbele. Marubani hawakuwa na hesabu ya kweli ya walichobeba. Waliona kuwa ndege imejaa, lakini tani zilizozidi hazikuwa katika hesabu waliyoitumia.

Yapo pia makosa yasiyohusu kilo, bali jina la kitu. Tarehe 11 Mei 1996 ndege ya abiria iliyotoka Miami ilishika moto angani ikaanguka katika kinamasi, na watu 110 wakafa. Ndani ya tumbo lake kulikuwa na mitungi ya kuzalisha oksijeni, ambayo karatasi ilisema ni mitupu. Haikuwa mitupu. Siku kumi baadaye, tarehe 21 Mei 1996, sisi Watanzania tulipata msiba wetu wa MV Bukoba katika Ziwa Viktoria. Meli si ndege, lakini yote mawili huomba jambo moja kwa anayepakia: aseme kweli. Meli ile iliruhusiwa kubeba abiria 430. Waliokufa peke yao walizidi 800.

Na mwaka 2010, tarehe 25 Agosti, ndege ndogo ilianguka karibu na Bandundu, nchini Kongo. Kati ya watu 21 alipona mmoja tu. Huyo alieleza kuwa abiria mmoja alikuwa amemficha mamba mdogo katika mkoba. Mamba alipotoka, watu walikimbilia mbele kwa hofu, na ndege ikapoteza urari. Wengi waliicheka habari hii. Mimi sikuweza kucheka. Niliona viroba vyangu viwili chini ya turubai.

Watu wetu wana msemo kwamba ajali haina kinga. Husemwa kwa nia njema, ili kuwafariji wafiwa. Lakini ninaogopa kwamba mara nyingi unatufariji sisi tuliopakia. Katika misiba niliyoitaja, mlima haukusogea wala radi haikupiga. Kwa sehemu kubwa mambo yalianzia chini, kwenye mizani au kwenye karatasi, mikononi mwa watu ambao nao hawakutaka mtu afe. Binamu yangu alikuwa anamlisha mkewe. Mimi nilikuwa ninamsaidia ndugu. Wema wetu wote ulikuwa umebebeshwa yule mama na mtoto wake, bila wao kuulizwa.

Miaka michache iliyopita nilikwenda lango la Machame, nikawatazama wagumu, vijana wetu wanaobeba mizigo ya watalii. Kanuni ni kwamba mgumu abebe kilo 20 za mzigo wa wageni, na mizani ipo. Nilimwona kijana mmoja akipima furushi lake, mshale ukapita kiasi, na mkubwa wa msafara akamnong'oneza msimamizi kwamba ni kidogo tu. Msimamizi alikuwa kijana mdogo. Alitikisa kichwa, akafungua furushi, akatoa galoni ya mafuta na kumpa mwingine mwenye nafasi. Mkubwa alikunja uso. Yule mgumu hakusema neno, lakini niliona mabega yake yakishuka kwa nafuu.

Nilitamani mjomba angekuwepo aone. Nilimkaribia kijana yule wa mizani, akaniamkia, "Shikamoo mzee," nikaitikia, nikamwambia kuwa amefanya vema. Alishangaa kidogo, kwani kwake ilikuwa kazi ya kila siku. Kisha akaita furushi linalofuata.